Jinsi ya kuandika habari za mbwa waliookolewa na kuwachangishia fedha

Katika makao yetu ya mbwa mimi ndiye ninayeandika taarifa ya kila mwezi, na ni mimi pia ninayeandaa shughuli za kuchangisha. Makao mengi huzigawa kazi hizi kwa watu wawili ambao hata hawakai meza moja. Mimi nazifanya kama kazi moja, na naamini ndivyo inavyopaswa. Taarifa humfanya mtu amjue mbwa, shughuli humpa nafasi ya kumsaidia, na taarifa inayofuata humweleza msaada wake umefika wapi. Pakikatika popote hapo, mwaka unaofuata watakuja nusu ya watu. Haya ninayoyaandika ni kwa yeyote anayeanza, awe na makao yenye mabanda na daktari wake, au awe mmoja wa marafiki watatu wanaolea mbwa majumbani mwao.

Anzia kwenye daftari la mapokezi

Kabla hujafikiria tiketi, mabango au spika, hakikisha daftari la mapokezi linaandikwa vizuri. Kila mbwa aandikiwe siku ileile anayoingia: ameletwa na nani au ameokotwa wapi, jike au dume, uzito, rangi na alama, majeraha, amehasiwa au bado, ana cheti cha chanjo au hana. Umri utaukadiria kwa meno. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, huanza kuyabadilisha akifika miezi minne hivi, na kufikia miezi saba kwa kawaida huwa ameshapata meno yake 42 ya ukubwani. Ukifunua mdomo ukakuta vijino vyembamba kama sindano vimechanganyika na meno mapana meupe, huyo bado ni kijana.

Mbwa mpya apitishiwe kifaa cha kusomea chipu ya utambulisho iliyowekwa chini ya ngozi, na atangazwe kwanza kama mbwa aliyepotea. Pengine kuna watu wanamtafuta usiku na mchana. Nchi nyingi zina muda maalumu wa kumsubiri mwenye mbwa kabla hajapewa mtu mwingine, kwa hiyo ulizia sheria ya kwenu na uifuate. Kuandika habari ya huzuni kuhusu mbwa aliyetupwa, kumbe alikatika kamba tu, ni kuwadhulumu wenye mbwa huyo.

Daftari hilo ndilo chanzo cha kila sentensi utakayoandika baadaye. Nikupe mfano wa jike mmoja wa kahawia tuliyempa jina Shaba. Mhudumu aliyempokea aliandika: kilo 11, waya shingoni, ngozi imeota juu ya waya upande wa kushoto. Alikuwa amefungwa waya ule akiwa mdogo, akakua, na hakuna aliyeulegeza. Mhudumu akaongeza jambo ambalo hakuna fomu ingemuuliza: Shaba alikuwa akilala kidevu kikiwa juu ya ukingo wa bakuli la maji, maana akikilaza sakafuni kidonda kilibanwa. Nilipoandika taarifa ya mwezi ule, hayo mawili yalinitosha, waya na bakuli. Sikuhitaji kumwambia msomaji aone huruma.

Kuandika habari ya mbwa mmoja

"Mbwa mpole, mzuri, anatafuta nyumba yenye upendo." Sentensi hii nimeiona mara nyingi mno, na inamfaa kila mbwa duniani, ndiyo maana haimsaidii yeyote. Andika kile ambacho ni cha mbwa huyo peke yake. Kuhusu Shaba niliandika kwamba ukimsogelea kwa nyuma anaganda, lakini ukichuchumaa mbele yake ukageuza uso pembeni, anakuja mwenyewe kukunusa mkono. Msomaji anapata mambo mawili kwa mpigo: anamwona mbwa, na anajua namna ya kuishi naye.

Kasoro ziandike waziwazi. Kama anavuta kamba, kama hawezi kukaa na paka, kama anabweka akiachwa peke yake, sema. Mbwa aliyepambwa kwa sifa za uongo hurudishwa, na kila anaporudishwa anazidi kuwa mgumu kumzoea mtu. Aliyeelezwa kwa ukweli humpata yule mmoja anayesema, "Mimi sina paka, na kutwa niko nyumbani." Mtu huyo mmoja ana thamani kuliko mia waliobofya alama ya kupenda.

Jihadhari pia na kuhukumu. Usiandike kwamba mbwa aliteswa na mtu katili kama hukuona. Andika alichokikuta daktari: mbavu zinahesabika, kovu la zamani la kuungua mgongoni, kupe masikioni. Kumtaja au kumdokeza jirani fulani kunaweza kukufikisha mahakamani, na aliyetaka kuleta mbwa wake kwa hiari ataogopa kuandikwa naye pia. Mlango huo wa hiari ubaki wazi siku zote.

Picha ipige ukiwa umepiga magoti, kamera iwe usawa wa macho ya mbwa, nje kwenye mwanga wa asubuhi au wa jioni. Nondo za banda zisionekane. Mbwa mweusi humsumbua kila mpiga picha, hugeuka doa jeusi lenye ulimi. Mpeleke kivulini, mwanga uingie kwa ubavuni, nyuma yake pawe na kitu cheupe au cha rangi angavu, na taa ya kamera uizime. Picha ya kidonda usiiweke ukurasa wa kwanza. Waliokwisha kukuamini wataitazama ndani wakitaka, ukiwatahadharisha. Wageni huifunga na hawarudi.

Kuna kisa cha zamani ninachowasimulia wanaodharau kazi ya kuandika. Mwaka 1860 Mary Tealby alifungua makao ya mbwa waliopotea na wenye njaa huko Holloway, London. Magazeti yalimcheka. Wengi waliona ni upuuzi kulisha mbwa katika jiji lenye watu maskini namna ile. Mwaka 1862 jarida lililokuwa likihaririwa na Charles Dickens likachapisha makala iliyoweka pamoja maonyesho mawili: moja la mbwa wa kifahari wanaoshindania tuzo, jingine la mbwa wa mitaani katika yale makao. Mwandishi alieleza alichokiona pande zote mbili, na huruma yake aliielekeza kwa wale wa makao. Makao yale yalihamia Battersea mwaka 1871, na mpaka leo yapo.

Omba kwa ajili ya jambo moja

Shughuli iwe na mbwa wake, au hitaji lake, na hitaji liwe na hesabu. "Tusaidie tuendelee na kazi yetu nzuri" ni ombi lisilo na mwisho, na mtu hajui alichotoa kimefanya nini. Kwa Shaba tulimwomba daktari wa mifugo makadirio ya maandishi, kila kitu kwa mstari wake: dawa ya usingizi, kuukata na kuutoa waya, kushona, antibiotiki, kubadilisha bandeji, kisha kumfunga kizazi akishapona. Tukaichapisha karatasi ile jinsi ilivyo. Wapo waliosema, "Mimi nitalipia bandeji," wakalipia bandeji.

Sambamba na hitaji, tangaza ziada itakwenda wapi. Ukiandika kwamba fedha ni za upasuaji wa mbwa fulani, zikazidi, huna haki ya kuzipeleka kwenye paa la banda bila kuwaambia waliotoa. Sentensi moja kwenye tangazo inatosha: kitakachozidi kitatibu mbwa atakayefuata. Iandike tangu mwanzo, hata kama huoni dalili kwamba zitazidi.

Kuchagua shughuli

Ninayoipenda kuliko zote ni matembezi ya hisani pamoja na mbwa. Gharama yake ni ndogo, watu wanakuja na mbwa wao, na wasio na mbwa wanaweza kutembea na wa makao. Kila mshiriki analipa ada ya kujiandikisha na kutafuta wadhamini watakaomlipia kwa kila kilomita. Njia ya kilomita tatu inatosha sana. Weka kona ya kurudia kwenye kilomita ya kwanza kwa ajili ya mbwa wazee na wale wa pua bapa kama pagi na buldogi, ambao wakipatwa na joto hushindwa kupumua upesi kuliko wengine. Waanzishe kwa makundi madogo yanayopishana kwa dakika chache. Mbwa wakirundikana kwenye mstari wa kuanzia, kamba zinasokotana, na ugomvi huanzia hapohapo.

Mnada ni mzuri mkiwa na marafiki wenye vitu au ujuzi wa kutoa. Nashauri mnada wa kimya: kila kitu kina karatasi yake mezani, watu wanaandika dau wakipita, na saa ikifika karatasi zinafungwa. Mbwa wasiwepo ukumbini. Kelele na viti vinavyoburutwa si mazingira yao. Bahati nasibu inavutia kwa wepesi wake, lakini katika nchi nyingi sheria inaihesabu kuwa ni mchezo wa kubahatisha na inadai kibali, hata kama zawadi ni kikapu tu. Ulizia kwanza. Siku ya milango wazi mimi naifanya kwa nadra, kwa sababu makundi ya wageni yakipita mbele ya mabanda siku nzima, mbwa waoga huhitaji siku kadhaa kutulia.

Kabla ya kutangaza lolote, kaa chini na mweka hazina muandike gharama zote: uwanja, bima, vibali, uchapishaji, maji, huduma ya kwanza. Kipimo changu ni hiki: gharama zikizidi theluthi moja ya makadirio ya mapato, tunaiacha shughuli hiyo na kutafuta nyingine. Aliyetoa ametoa kwa ajili ya mbwa, hakutoa kwa ajili ya hema.

Kuhusu misaada ya vitu, andika orodha fupi ya mnavyovihitaji mwezi huo, na chini yake msivyovihitaji. Taulo kuukuu tunazitaka daima. Mito yenye manyoya ndani hatuitaki, mbwa wanaitafuna na mifereji inaziba.

Tarehe

Kalenda ya dunia ina siku chache za wanyama, na ni vizuri kuzijua ili useme kitu chenye maana siku hizo. Tarehe 4 Oktoba ni Siku ya Wanyama Duniani. Heinrich Zimmermann aliiadhimisha kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 24 Machi 1925, na kuanzia 1929 ikahamia Oktoba 4, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Tarehe 26 Agosti ni siku ya mbwa, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2004. Tatizo la siku hizi ni kwamba kila makao yanaomba kwa wakati mmoja. Mimi huzitumia kutoa habari, na kuchangisha nakufanya wiki nyingine.

Siku ninayoipa uzito kuliko zote ni 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inayoadhimishwa tangu 2007. Ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yeye aliyempa mvulana Joseph Meister chanjo ya ugonjwa huo Julai 1885. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na katika visa 99 kati ya 100 vya binadamu chanzo ni mbwa. Wanne kati ya kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa 70 kati ya 100 wa eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi unakatika.

Weka takwimu hizi kwenye taarifa yako ya Septemba, hasa kwa ajili ya wasomaji wasiopenda mbwa. Yupo mtu asiyetaka mbwa amkaribie hata hatua mbili, lakini ana watoto wanaotembea kwenda shule. Mweleze kwamba kila mbwa anayetoka makao yako ametoka akiwa amechanjwa na amehasiwa, na kwamba mchango wake unawalinda watoto wale. Nimewaona watu wa namna hiyo wakitoa, tena kila mwaka.

Siku yenyewe: mbwa kwanza

Hapa sitaki kupita haraka, kwa kuwa shughuli inaweza kuingiza fedha nyingi na bado ikawa imewadhuru mbwa iliyokusudia kuwasaidia.

Chagua mapema mbwa wa makao watakaokuja, na wawe wachache. Kila mmoja apewe mtu wake, na mtu huyo asiwe na kazi nyingine: asiuze tiketi, asipige picha, asipokee wageni. Mpe mamlaka kamili ya kumwondoa mbwa wakati wowote bila kumwomba ruhusa mtu, hata kama mgeni wa heshima ndiye anayetaka kupiga naye picha. Saa moja uwanjani inamtosha mbwa wa makao, kisha arudi kwenye utulivu.

Dalili za kuangalia ni ndogo na huja kabla ya kunguruma. Anajilamba midomo na hakuna chakula. Anapiga miayo na hana usingizi. Weupe wa jicho unaonekana pembeni. Anainua mguu mmoja wa mbele, mkia umeingia katikati ya miguu. Ninayoiamini kuliko zote ni hii: mpe kitafunio anachokipenda. Akikigeuzia uso, amezidiwa na hofu, mwondoe.

Meza ya mapokezi ya mbwa iwe peke yake, mbali na ya watu. Anayekaa hapo anafanya mambo matatu kwa kila mbwa. Anaangalia cheti cha chanjo. Anapitisha vidole viwili chini ya mkanda wa shingo. Vikipita vitatu kwa ulegevu, unakazwa hapohapo, kwa sababu mbwa akishtuka hurudi nyumanyuma na mkanda mlegevu hutoka kichwani kwa sekunde moja. Kisha anauliza kama mbwa anapenda kusogelewa. Asiyependa afungiwe utepe wa njano kwenye kamba, na mtangazaji awaeleze watu mara kwa mara maana yake. Mbwa wa makao wavae mkanda wa kifuani pamoja na wa shingoni, kila mmoja na kamba yake.

Jike aliye kwenye joto abaki nyumbani. Watoto wa mbwa ambao hawajamaliza chanjo zao, yaani kwa kawaida wale wa chini ya wiki 16, nao wabaki, hata kama picha zao ndizo zinazovuta watu. Virusi vya parvo, vinavyowaharisha vibaya watoto wa mbwa na vilivyotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na havijali usafi wa macho. Uwanja waliopita mbwa mia haumfai mtoto wa wiki tisa.

Joto: panga shughuli asubuhi na mapema au jioni. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami kwa sekunde saba. Usipoweza kuvumilia, nyayo za mbwa nazo haziwezi. Maji yawepo kila kilomita, na waombe watu waje na bakuli zao, kwa kuwa kikohozi cha mbwa hupita kirahisi kwenye bakuli la wote. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Mbwa anayehema kwa kelele, ute mzito unamtoka mdomoni, na anayumba, asisubirishwe: kivulini, mmwagie maji ya baridi ya kawaida mwili mzima, mpepee, na mtu mwingine awe tayari anampigia daktari.

Wauza chakula uwanjani waeleze mapema vitu vinavyomdhuru mbwa: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, na peremende au ubani wenye utamu wa ksailitoli. Mapipa ya taka yawe na vifuniko.

Watoto wa binadamu waelekezwe na mtu mpole kwenye lango: muulize mwenye mbwa kwanza, kisha simama, acha mbwa aje akunuse, mkune kifuani na usimwekee mkono juu ya kichwa. Mtu aking'atwa au akikwaruzwa na meno, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Hata kama mbwa ana cheti, hilo aliamue mhudumu wa afya.

Jambo la mwisho kuhusu siku yenyewe: usimkabidhi mtu mbwa hapo uwanjani. Muziki, jua na furaha ya watoto humfanya mtu aamue kwa dakika mbili jambo la miaka 12 au zaidi. Chukua jina lake, mpe fomu, mwalike aje makao siku nyingine na kila anayeishi naye, na mtu wenu aitembelee nyumba yake. Aliyekusudia kweli atakuja.

Fedha

Masanduku yafungwe kwa kufuli au lakiri na yawe na namba. Kila sanduku lifunguliwe na watu wawili wasio ndugu, wahesabu pamoja, waandike na kutia sahihi, kabla ya mtu yeyote kuondoka. Stakabadhi zitolewe kwa kila kiasi kinachopokelewa mkononi. Fedha zinazotumwa kwa simu ziingie kwenye akaunti ya makao, zisipitie simu ya mtu binafsi hata akiwa mwenyekiti mwenyewe. Taslimu ziende benki siku inayofuata. Matumizi ya siku hiyo yalipwe kutoka kwenye fungu lililotengwa, yasichotwe kwenye sanduku, la sivyo hutajua kamwe kilichoingia ni kiasi gani.

Kurudisha habari

Taarifa ya baada ya shughuli ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo ninayoiandika kwa uangalifu zaidi. Itoke ndani ya wiki moja, watu wangali wanazungumza. Andika kilichoingia, kilichotumika kuandaa, kilichobaki, na kazi yake. Ile karatasi ya daktari uliyoichapisha kabla ichapishe tena, safari hii pembeni ya kila mstari pawe na kiasi halisi kilicholipwa. Ya Shaba ilionyesha kwamba bandeji zilihitajika mara nyingi kuliko tulivyokadiria, na upasuaji ulikuwa mfupi kuliko daktari alivyodhani. Tuliandika yote mawili. Tukaongeza kwamba sasa analala kidevu kikiwa sakafuni, na kwamba bado anaganda akisogelewa kwa nyuma.

Kuna miezi ambayo habari ni mbaya. Tulipokea watoto wanne wa tumbo moja wenye parvo, watu wakachangia dripu na dawa, na wawili wakafa. Kikaoni palikuwa na wazo la kuandika juu ya waliopona tu. Nilikataa, na bado ninakataa. Mtu aliyechangia wanne ana haki ya kujua habari za wanne. Niliandika majina ya wawili waliokufa, saa walizokuwa wakiangaliwa usiku, nani alikuwa nao, daktari alijaribu nini, na kiasi kilichotumika kwao. Baadhi ya waliojibu taarifa ile ni wachangiaji wetu wa kila mwezi hadi leo.

Wachangiaji wa kila mwezi ndio uti wa mgongo wa makao, kwa sababu chakula cha mbwa hakisubiri matembezi ya hisani. Haba na haba hujaza kibaba, na kiasi kidogo kinachoingia kwa uhakika humwezesha mweka hazina kupanga. Ombi hili lipeleke kwenye taarifa ya tatu au ya nne baada ya shughuli, mtu akishaona mara kadhaa kwamba unarudi na habari hata usipokuwa na shida. Mpe mbwa wa kumfuatilia, ikiwezekana yule mzee au mgonjwa asiye na dalili ya kuchukuliwa, umwandikie habari zake kila baada ya miezi mitatu. Mbwa huyo akifa au akipata nyumba, mchangiaji aarifiwe kwa simu kabla hajasoma popote, kisha aulizwe kama angependa kumfuatilia mwingine. Mpe muda wa kufikiri.